Ua Limefumwa, Soksi Imesahauliwa

Kitenzi "kufuma" kina maana mbili zinazoonekana kukinzana. Anayefuma kwa mkuki huchoma. Anayefuma kwa uzi huunda vazi. Ni nadra neno moja kubeba vita pamoja na wale wanaobaki nyumbani wakisubiri viishe. Hata hivyo, mfumaji wa kwanza hujengewa mnara, ilhali wa pili husahauliwa. Ndiyo maana desturi iliyoenea Uingereza na Australia, ya wanajamii kukutana na kufuma kwa sindano na kwa kulabu ili kuadhimisha vita vikuu vya dunia, inastahili kujadiliwa kwa uzito, wala si kwa dharau ambayo kazi za mikono za akina mama huelekezewa mara kwa mara.

Mfano mashuhuri ni wa Melbourne. Mwaka 2013, Lynn Berry na Margaret Knight walianza kufuma maua mekundu ya popi kwa heshima ya baba zao waliopigana katika Vita Vikuu vya Pili. Walikusudia maua 5,000. Kufikia Aprili 25, 2015, karne moja tangu vikosi vya Australia na New Zealand viteremke Gallipoli, maua zaidi ya 250,000 yalitandazwa katika uwanja wa Federation Square. Mwaka uliofuata, takriban 300,000 yakapamba maonyesho ya Chelsea, London. Si haba! Sanamu ya shaba huagizwa na wakubwa na kuchongwa na fundi mmoja. Zulia hili lilitoka katika mikono ya maelfu ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana.

Lakini hapa pana kasoro. Popi ni ua la medani: ndilo lililomea katika ardhi iliyotifuliwa na mizinga kule Ubelgiji na Ufaransa. Humrejesha mtazamaji kwenye kaburi la askari. Wanawake wa 1914 hawakufuma maua. Walifuma soksi, skafu na glavu, nazo hazikuwa mapambo. Askari waliokesha katika mahandaki yaliyojaa maji walivimba na kuoza nyayo, na soksi kavu ilikuwa miongoni mwa kinga chache walizokuwa nazo. Aliyeifuma hakujua kama miguu aliyokuwa akiishughulikia ingali hai.

Katika vita vya pili hali ilikuwa ngumu zaidi. Kuanzia Juni 1, 1941, Waingereza waligawiwa nguo kwa kuponi, 66 kwa mtu mzima katika mwaka wa kwanza, na gramu 57 hivi za uzi wa sufu zilidai kuponi moja. Mama aliyetaka kumvisha mwanawe sweta alitoa kuponi, au alifumua sweta kuukuu, akauosha uzi ili unyooke, kisha akaanza upya. Mgao huo uliendelea hadi 1949, miaka minne baada ya bunduki kunyamaza. Maisha haya ya kubana na kuunga hayaonekani popote katika zulia jekundu.

Watetezi wa popi watadai kuwa ua ni rahisi, kwamba hata mwanagenzi hulimaliza kwa kikao kimoja. Ni kweli, kisigino cha soksi kimewashinda wengi. Ila adha hiyo ndiyo iliyokuwa maisha yenyewe. Vikundi hivi vikitaka kuadhimisha nyumba na si medani pekee, kila mshiriki na apewe gramu 57 za uzi uliofumuliwa, aone unaishia wapi kabla ya mkono wa pili wa sweta ya mtoto.

Suala hili halihusu Ulaya na Australia pekee. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua wanaume wa Kenya kwa maelfu wawe wapagazi, na mtaa wa Kariakor jijini Nairobi ungali umebeba jina la kikosi chao. Sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928, kwenye barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, zinawaenzi askari na wapagazi. Mwanamke aliyebaki na shamba, watoto na wazee hayumo. Kumfumia ua la popi kungekuwa uigaji mtupu, kwani ua hilo halikuwa lake, wala sindano za sufu hazikuwa zake. Alikuwa na jembe na kinu. Na huko Ukambani na Ugikuyuni alikuwa na kiondo, alichokisuka kwa nyuzi alizozisokota mwenyewe. Kikundi cha kusuka viondo kitakachotaka kumkumbuka kina pa kuanzia.