King'ora Kikilia, Nani Atafika?

Hatuoni kosa kwa mwananchi wa Visiwani kujiwekea mwenyewe vihisi visivyo na waya mlangoni na madirishani. Chombo chenyewe ni sumaku na swichi tu. Vikiachana kwa sentimita 2 hivi, ishara hurushwa kwa redio na king'ora hulia. Lakini mbao zetu hufura wakati wa masika, mlango usikae vyema, ikazuka kelele ya bure. Aidha, kihisi kina betri yake, bali kisanduku kikuu mara nyingi hutegemea umeme. Na Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Mnunuzi hana budi kudai kisanduku chenye betri ya akiba. Nao wahusika Serikalini tunawauliza: king'ora kikilia usiku wa manane, jirani amwite sheha au polisi, na nani atafika?