Kabla ya Kuingia Winguni, Tuulize Mlango wa Kutokea

Taasisi za umma zinapochagua wingu la kompyuta la kuhifadhi na kuchambua data zao, mjadala huanza na kuishia kwenye bei ya kuingia. Huo ni uzembe wa kisiasa, wala si suala la mafundi peke yao.

Kupakia data Amazon ni bure. Kuitoa, ukishavuka kiwango kidogo cha bure, hulipiwa kwa kila gigabaiti. BigQuery ya Google nayo, katika mpango wake wa kawaida, hutoza kwa wingi wa data inayosomwa: swali moja lililoandikwa ovyo hupekua jedwali zima, na mlipakodi akalipa. Tena, sheria ya Marekani ya mwaka 2018, CLOUD Act, inaziruhusu mamlaka zake kuzidai kampuni za huko data zinazoihodhi, hata kama seva ziko Cape Town.

Sipingi wingu, napinga mikataba isiyo na mlango wa kutokea. Mjumbe wa kamati ya zabuni adai mambo matatu kabla ya saini: muundo huria wa data, kama Parquet, funguo za usimbaji zibaki mikononi mwetu, na gharama ya kuhama iandikwe. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, iombeni mikataba hiyo, muisome.