Faili Likilala, Nyinyi Msilale



Mwezi uliopita mama mmoja aliniambia anamtoa mwanawe skuli yetu ya Jumamosi. "Mwalimu, ngoja kwanza uraia utoke. Tukisikika na Kiswahili watasema sisi si wa hapa." Sikumlaumu. Hofu hiyo naijua. Sisi tulingoja miaka tisa.

Babu yangu alitoka hapa Mudhaibi akenda Pemba kutafuta maisha kwenye karafuu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wetu wengi walitawanyika. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, aliwaita Waomani walioko nje warudi. Ami yangu aliwahi, na karatasi zake hazikukawia. Sisi tuliokuja nyuma tukaulizwa: nani anakujueni?

Swali ni hilo. Uraia hapa hufuata baba, kwa hivyo yataka uonyeshe wewe ni mwana wa nani, na babu wa kabila gani, na sheikh wa kabila akushuhudie. Cheti cha baba cha kule kimeandikwa "Salum". Jamaa wa hapa wanamjua Salim. Kwa herufi moja tukarudishwa mara kadhaa.

Aliyetutoa ni bibi, ambaye hata kuandika hajui. Alikaa akatuhadithia kwa Kiswahili nani kamzaa nani, nani aliondoka na nani, na jina la falaji ambalo babu alikuwa akilitaja kila siku. Tukaandika, tukafasiri, tukampelekea sheikh. Mzee mmoja aliyekuwapo aliposikia jina la ile falaji akasema: "Hawa ni wetu."

Sisemi Kiswahili kitafupisha foleni. Faili lina mwendo wake. Lakini ushahidi wa wengi wetu umo vifuani mwa wazee, na umo kwa Kiswahili. Mimi ni muuguzi, wazee hao nawaona kila siku. Faili huweza kungoja, mzee hangoji.

Basi wazazi, wiki hii andikeni nasaba yenu: kila jina kwa Kiarabu, na pembeni kama lilivyo kwenye vyeti vya kule. Watoto, kaeni na bibi, mrekodini kwa simu. Muulizeni alizaliwa wapi, na nani alimlea. Bila ya Kiswahili, mtamuuliza kwa lugha gani?

Na wewe mama, kama unasoma haya, kiti cha mwanao bado kipo.