Viza ya Mtalii, Kazi ya Machimboni

Ukitoka Kigoma kwa basi kwenda Kahama au Geita, jiandae kuulizwa wewe ni nani. Kwenye vizuizi vya njia ya Nyakanazi ofisa hupanda, akapita taratibu katikati ya viti, na macho yake yakamwangukia kijana mwenye viatu vya matope na mfuko wa salfeti miguuni. Kama kijana hana kitambulisho cha taifa cha NIDA, maswali yanaanza: umetoka kijiji gani, mwenyekiti wa kitongoji anaitwa nani, babu yako amezikwa wapi. Ulimi ukiteleza kidogo, anashushwa na basi linaondoka. Waha wa Kasulu na Kibondo wamekua na adha hii, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinakaribiana mno na mwenye haraka hawezi kuvitenganisha.

Sina ugomvi na ukaguzi. Nchi isiyojua nani kaingia haijitawali. Ugomvi wangu ni kwamba katika ukanda huu wa dhahabu nguvu nyingi zinamwendea mbeba viroba, huku mgeni anayechukua mali yenyewe akiwa amegongewa muhuri kihalali uwanja wa ndege.

Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 kwa walio wengi. Tangu 2018 inaombwa kwa mtandao, na inampa mgeni siku zisizozidi 90 za kutembea, kupumzika au kuona ndugu. Haimruhusu kufanya kazi. Mwenye kazi ya muda mfupi anatakiwa kuchukua viza ya biashara, dola 250. Anayetaka kukaa ana kibali cha ukaazi: daraja A kwa mwekezaji, daraja B kwa mwajiriwa, na juu yake kibali cha kazi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni.

Sasa weka uchimbaji mdogo hapo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatoa leseni ndogo kwa Watanzania peke yao. Maana yake hakuna kibali cha aina yoyote kinachoweza kumfanya mgeni awe mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, Nyarugusu au Mwakitolyo. Mlango huo umefungwa, na ndiyo sababu mlango wa utalii unavutia: hauulizi mtaji wala mwajiri. Siku 90 zikikaribia kwisha, mtu anateremka Mutukula au Sirari, anavuka, analala ng'ambo, anarudi na muhuri mpya. Kwa mwenye mtaji, nauli ya safari hiyo na ada ya viza ni hela ya soda, hasa baada ya wakia moja ya dhahabu kuvuka dola 4,000 mwaka 2025.

Jirani yetu Mrundi ana haki kubwa zaidi kwenye karatasi. Tangu Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inampa raia wa nchi mwanachama nafasi ya kuingia bila viza na kupewa pasi ya hadi miezi sita bila malipo. Kongo nayo iliingia kwenye jumuiya mwaka 2022. Lakini ili upewe pasi lazima uwe na hati ya kusafiria, na kijana anayekuja kupalilia tumbaku Bukombe au kusomba mawe kwenye karasha za kusagia mwamba hana fedha wala muda wa kuifuatilia hati hiyo. Anapita njia za panya. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa tu; Tanzania haikuingia katika mpango ule. Ni kweli pia kwamba pasi ya kuingia siyo kibali cha kazi, na kwa hilo Mrundi huyu ana kosa. Ila kosa lake linaishia kwenye ujira wa siku.

Wapo watakaonikumbusha hali ya usalama, na wana haki. Msafiri wa zamani wa njia hii anakumbuka mabasi yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kupita mapori ya Biharamulo. Silaha zilivuka mpaka pamoja na watu, na wafugaji wa nje waliingiza makundi ya ng'ombe katika hifadhi. Hali hiyo ndiyo iliyozaa Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, Septemba 2013 katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, huu wa mwisho ukiwa na mwaka mmoja na ushei tangu uundwe. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka au waliondolewa. Miongoni mwao walikuwamo walioishi hapa miaka mingi, wameoa na kuolewa, na wengine waliacha watoto nyuma. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000, wakiwamo wa Ulyankulu. Nafasi ya kuyachunguza mambo ya mtu mmoja mmoja ilikuwapo, basi. Operesheni ndiyo iliyokuwa na haraka.

Kwa hiyo usalama ni hoja, lakini haituelezi kwa nini uzio wa mabati wa elusheni, mtambo wa kutenga dhahabu na kaboni, haukaguliwi kama basi la Kigoma.

Na ndani ya uzio ule hatuwezi kumlaumu mgeni peke yake. Leseni inayobandikwa ukutani ina jina la Mtanzania. Namwelewa alivyofika hapo. Mtu amepata leseni ndogo karibu na Mgusu au Lwamgasa. Anahitaji pampu ya kuvuta maji, kompresa, matimba ya kushikilia duara, baruti, na chakula cha vijana kwa miezi kadhaa kabla ya kuona mwamba wenye kitu. Benki inamtaka dhamana. Anatokea mgeni mwenye mashine na fedha taslimu, anasema tugawane. Sheria inaruhusu mwenye leseni kupata msaada wa kitaalamu kutoka nje kwa kibali maalumu, na wapo wanaofuata njia hiyo. Wengine wanaazima jina tu. Mwenye jina anapokea mgawo wake na kukaa Katoro mjini. Kaboni ikichomwa, yeye hayupo, na hawezi kujua zimetoka gramu ngapi. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili dhahabu ipimwe hadharani, lakini mizani ya sokoni hupima kile tu kilicholetwa sokoni.

Hapa siimbi wimbo wa kufukuza wageni. Mwadui, mgodi wa almasi uliojenga jina la Shinyanga, ulianzishwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, na mgodi mkubwa wa Geita ni wa kampuni ya AngloGold Ashanti. Hao wanajulikana walipo, wanachimba nini na wanadaiwa nini.

Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, uchimbaji mdogo ukiwamo. Mgeni atakayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza au kibali chake kufutwa. Raia anayemsaidia anatozwa milioni tano au anafungwa miezi mitatu. Kwa bei za sasa za dhahabu, milioni tano hazimtishi anayekodisha leseni. Angenyang'anywa leseni yenyewe, na eneo likapewa kikundi cha wachimbaji wanaosubiri, angefikiri mara mbili.

Jirani apewe pasi kwa kitambulisho chake cha taifa pale Kabanga, Manyovu na Rusumo, aandikwe jina na alama za vidole, tujue yuko wapi. Kisha Wizara ya Madini na Idara ya Uhamiaji zikae meza moja kila robo mwaka, zilinganishe leseni ndogo za Geita na Shinyanga na majina ya watalii waliorudi nchini mara ya tatu na ya nne bila kukanyaga hifadhi. Maombi ya viza na kumbukumbu za leseni vyote vimo tayari kwenye kompyuta za serikali.