Waya wa Inga unapita juu, kijiji kinabaki gizani: juu ya nini?

Toka mwaka 1982, umeme wa Inga unasafiri kilometa karibu 1.700 mpaka Kolwezi, kwenye migodi ya shaba. Vijiji vingi chini ya waya huo vinalala gizani. Wengi wanasema ni ubaya wa wakubwa tu. Siasa iko ndani, ndiyo, lakini ufundi nao uko, na inafaa tuujue, kwani maneno ya Inga 3 yanasikika hata huku Kivu.

Umeme wa nyumbani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ule wa Inga-Kolwezi unakwenda upande mmoja tu, kwa volti 500.000, ili usipotee mwingi njiani. Kituo cha Inga kinaugeuza, cha Kolwezi kinaurudisha. Mashini zao zinaongozwa kila wakati: kwa kawaida upande unaotuma unapima wingi wa umeme, upande unaopokea unashika volti. Zisiposikilizana, umeme unakatika.

Ndiyo maana kabini ya kawaida haiwezi kuchota umeme pale katikati. Inatakiwa kituo cha tatu, cha bei kali, kinachosikilizana na hivyo viwili.

Basi, mtu akituahidi waya wa Inga, tusiulize tu utapita wapi. Tuulize: kituo cha kugeuza kitajengwa wapi? Nani atakilipia? Na kutoka pale, nani atavuta nyaya mpaka mitaani?