Inveta ya pampu inachemka? Upepo wa umeme usubiri kwanza

Ndugu mkulima, wiki hii nimeulizwa tena kuhusu "feni isiyo na mapanga". Kweli ipo. Waya mwembamba unapewa volti elfu kadhaa, hewa iliyo jirani inapata chaji, inakimbilia upande wa pili na kuisukuma hewa nyingine. Upepo huo unaiondoa ile hewa ya moto iliyotulia juu ya chuma, joto linatoka haraka. Haina kelele wala beringi ya kuisha.

Ila kwa shamba letu mie nasema bado. Vumbi linaganda kwenye ule waya, upepo unapungua. Tena inatoa ozoni, na volti zile si za kuchezea palipo na maji.

Mwezi uliopita nilikuta inveta ya pampu ya sola imefungwa kwenye bati, jua la saa nane linaipiga, inajizima yenyewe. Nyanya zimeshaanza kudondosha maua jamani! Tukazima umeme, tukaihamishia kivulini, tukaacha nafasi juu na chini ipite hewa, mapezi ya alumini tukayapiga brashi. Ikavuta maji hadi jioni. Gharama yake mbao mbili na misumari.