Usukani wa bure, miaka mitatu rehani

PALE stendi ya Kahama, kwenye ukuta wa kibanda cha kukatia tiketi, imebandikwa karatasi ambayo imewafanya vijana wa kijiweni wasahau hata ubishi wa Simba na Yanga. Kampuni ya usafirishaji inatafuta vijana 20, waliomaliza kidato cha nne, wenye afya na macho mazima, wafundishwe udereva wa malori BURE, walale bure, wale bure, na wakihitimu wapewe ajira. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za kwenye boksi la vidonge, wameandika: masharti yatazingatiwa.

Kijana mwenzangu, leo nataka tuzungumze juu ya neno hilo moja tu, masharti.

Sisemi usiende. Anayekuambia usiende pengine ana duka la baba yake la kukalia. Sisi wengine tulitoka shule na cheti chenye "F" za kutosha, tukapita kwenye machimbo, tukapita kwenye bodaboda, na usukani wa semi-trela kwetu ni mlango wa kutokea. Ninachosema ni kwamba mlango huo una bei, na bei haikuandikwa kwenye ukuta wa stendi.

Mtoto wa mama yangu mdogo alikwenda. Siyo kampuni hii, ni nyingine, na jina lake naliacha. Alipewa mkataba wa kurasa sita kwa Kiingereza, akasaini juu ya boneti ya pikapu kwa dakika kumi kwa sababu nyuma yake walikuwepo wengine thelathini wanasukumana. Nakala hakupewa. Leseni yake ya gari dogo na cheti chake cha shule vikachukuliwa "kwa ajili ya faili". Akafundishwa wiki kumi, akapandishwa leseni, akawekwa kiti cha pembeni na dereva mzee, na baada ya miezi michache akakabidhiwa gari lake. Mama mdogo alichinja kuku siku hiyo, na mtaa mzima ulijua.

Alipiga kazi miezi kumi na minne. Dar es Salaam hadi Kahama, karibu kilometa elfu moja, shusha, geuza, rudi. Posho ya safari ilikuwa nusu ya ile aliyotajiwa kwa mdomo. Tairi likipasuka, anakatwa. Dizeli ikipungua kwenye kipimo, anakatwa, hata kama gari lilikaa foleni ya mizani usiku kucha huku injini inanguruma. Alipopata kampuni nyingine yenye mshahara wa kueleweka, akaaga kistaarabu. Hapo ndipo wakamfungulia faili. Alikuwa amesaini kufanya kazi miaka mitatu, na akiondoka kabla analipa gharama ya mafunzo, shilingi milioni tatu na nusu. Siyo kwa kupunguza ile miezi kumi na minne aliyokwisha kuwatumikia. Yote! Na mpaka alipe, leseni na vyeti vinabaki kabatini.

Dereva bila leseni ni nani? Alikaa miezi minne anaendesha bodaboda ya shemeji yake kwa kujificha trafiki. Mwisho wazee walikaa kikao, wakauza ng'ombe wanne, deni likalipwa. Nilipiga hesabu siku ile ile: ng'ombe hao hao wangempeleka NIT pale Mabibo, au chuo cha VETA kinachofundisha malori kama Kihonda, wakamlipia chumba na ugali, akarudi na cheti chake mkononi hadaiwi na mtu.

Wazee wetu wataniambia zamani hapakuwa na mambo hayo. Ni kweli, zamani palikuwa na utaniboi. Waliobeba pamba ya SHIRECU na waliokuwa wakienda Mwadui walianza hivyo: unalala juu ya turubai, unaweka vigingi kwenye tairi mlimani, unapika, unafua nguo za dereva, na siku akilewa au akichoka anakuachia usukani usiku, pale kati ya Nzega na Tinde. Miaka mitano baadaye nawe unaitwa dereva. Hapakuwa na mkataba, lakini mshahara nao haukuwepo, na makofi yalikuwepo. Wanaoulilia utaratibu ule hawakuwahi kuwa mataniboi. Leo hata ukiutaka haukufikishi mbali, kwa maana leseni ya malori, ile daraja E, inataka cheti cha chuo kinachotambuliwa, na kampuni zenye mizigo ya maana hazimpi gari mtu asiye nacho.

Kwa nini basi kampuni zifundishe bure? Angalia ramani. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Mgodi haushibi: unakula dizeli, chokaa, sayanaidi, vipuri, na vyote vinapanda kwa lori kutoka bandarini. Ongeza makontena ya Rwanda, Burundi na Kongo yanayopita hapa hapa Isaka. Semi-trela moja na mzigo wake ni mamia ya milioni. Mwenye gari hataki kumkabidhi aliyejifunzia kwa mjomba, anamtaka aliyemlea mwenyewe. Hapo simlaumu, biashara ni biashara.

Ila wasituambie ni sadaka! Kampuni hizi zinalipa serikalini tozo ya kuendeleza ufundi stadi juu ya mishahara ya wafanyakazi wake. Tozo hiyo iliwahi kuwa asilimia 6, ikashushwa mara kadhaa baada ya wenye makampuni kulalamika, na kwa miaka mingi VETA imekuwa ikipata theluthi yake tu, zilizobaki zinakwenda hazina kwa matumizi mengine. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili mtoto wa kabwela apate ufundi bila kuweka rehani miaka yake. Migodi yenyewe ilipotaka makanika na mafundi umeme ilikaa na VETA, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa mafunzo pale VETA Moshi, cheti kikawa cha kueleweka. Wenye malori wanashindwa nini kuchangia kapu moja kama hilo? Na serikali inashindwa nini kuwaita mezani? Baba zetu waliondolewa kwenye mashimo ya Bulyanhulu Agosti 1996 ili kumpisha mwekezaji, na watoto wao ndio hawa wanaosukumana kwenye boneti ya pikapu wafundishwe kubeba dizeli ya mgodi huo huo.

Tuje kwenye sheria, maana wengi tunadhani sheria ni ya mawakili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kiholela. Anaweza kukata pale sheria inapomruhusu, au pale wewe mwenyewe ulipokubali kwa maandishi kwamba una deni. Umeona mtego ulipo? Ile saini ya dakika kumi ndiyo ruhusa anayoitafuta. Kwa upande wa hasara na uharibifu, yaani tairi na dizeli, anaruhusiwa kukata kama kosa ni lako kweli, amekuandikia ni kiasi gani na kwa nini, umepewa nafasi ya kupinga, na makato yote hayazidi robo ya mshahara. Binamu yangu alikatwa zaidi ya nusu, miezi miwili mfululizo, bila karatasi hata moja. Angeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanayoiita CMA. Hakujua, na siku zilikuwa zimepita, kwa sababu malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kupelekwa ndani ya siku 30, na mengine ndani ya siku 60.

Kuna jingine ambalo halisemwi. Sheria hiyo hiyo haimkingi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri. Sasa piga hesabu: mafunzo miezi mitatu, majaribio miezi mitatu. Mwezi wa tano bosi akikuchoka unaondoka, na kama mkataba unasema "akiacha kazi kwa sababu yoyote", deni unaondoka nalo. Mkataba wa haki useme deni ni la anayeondoka kwa hiari yake, siyo la aliyefukuzwa, siyo la aliyepunguzwa kwa sababu mzigo umekwisha. Na mzigo huisha. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, makontena yakalala bandarini, na Septemba mwaka huo Acacia ikatangaza kupunguza shughuli za Bulyanhulu. Buzwagi, hapo hapo mlangoni kwetu, ulianza 2009 na ukafungwa 2021.

Hiyo Buzwagi inanikumbusha vijana wanaochanganya mambo mawili. Mafunzo ya kuendesha dude la mgodini siyo mafunzo ya lori la barabarani. Caterpillar 777 hubeba tani 90 hivi, lenyewe peke yake linajaza barabara nzima ya lami, gia zinabadilika zenyewe, na hukanyagi nje ya geti. Kazi nzuri, inaheshimika, na mshahara wake si wa kitoto. Lakini leseni yake ni daraja jingine, G, na shimo likifungwa huwezi kwenda Isaka ukasema mimi ni dereva, nipeni semi. Kama kampuni inakupa nafasi ya kuchagua, na wewe ni kijana wa miaka 22, mimi ningechagua lami. Barabara ya Rusumo ilikuwepo kabla ya migodi hii.

Wala tusidhani ni ushamba wetu. Kule Marekani kampuni kubwa za malori zimekuwa zikifundisha vijana kwa mtindo huu huu kwa miaka mingi: unasomeshwa, unafungwa kwa muda, ukiondoka mapema unadaiwa maelfu ya dola, na madereva wamezipeleka mahakamani. Tofauti ni kwamba wenzetu walibaki na nakala ya mkataba ya kumwonyesha hakimu.

Haya yote nayaandika kwa sababu juzi asubuhi mdogo wangu wa mwisho amekuja na fomu kutoka kwenye ukuta ule wa stendi, ameikunja kwenye daftari kama barua ya mchumba. Saini ni Jumatatu. Baba kule kijijini amekwisha kuambiwa na ameanza kuwaangalia ng'ombe wake kwa macho mengine, maana ya binamu hajayasahau. Anasema atauza wawili mtoto aende chuo. Mdogo wangu anasema hapana, wale ni wa mahari ya kaka, yaani yangu, na hataki kusemwa ukoo mzima kwamba amenizuia kuoa.

Nimemwambia Jumatatu aende, lakini asisaini. Aombe mkataba wa Kiswahili na nakala ya kuondoka nayo. Aulize cheti kitatolewa na chuo gani na kwa jina la nani. Aulize deni ni shilingi ngapi, linapungua kwa kila mwezi wa kazi au limesimama palepale, na akifukuzwa linakuwaje. Leseni awape kivuli, halisi abaki nayo, kwa sababu ilitolewa na serikali kwa jina lake, siyo la kampuni. Akijibiwa vizuri, kwa maandishi, asaini na nitamsindikiza mwenyewe. Akiambiwa "wewe unajifanya mwanasheria, pisha wenzako", apishe, arudi nyumbani, tuuze ng'ombe wawili. Mahari nitaisubiri.

Ameniuliza: na wale 19 watakaosaini bila kuuliza? Nimemwambia ndiyo maana napeleka makala hii gazetini kabla ya Jumatatu.